Bakuli la Mtakatifu Monika

Makambako, 9 Machi 2025

Shangazi Lukresia,

Shikamoo. Barua hii nimemkabidhi Davis wa basi la Lupembe mkononi, na nimemwambia asithubutu kuiweka kwenye mfuko wa samaki kama ile ya Krismasi. Mimi mzima, ila Makambako ni upepo mtupu. Nikianika nguo asubuhi, mchana nazifuata kwa jirani.

Tangu masikio yako yakatae simu nimejifunza upya kuandika kwa mkono, na mwandiko wangu unaujua. Ulinifundisha miaka mitatu pale Matembwe ukauacha kama ulivyoukuta.

Krismasi uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikakujibu "hesabu za hospitali," ukaguna. Nimelikumbuka guno lile, basi nijaribu tena. Kuna kidonge kipya cha presha. Kwa miaka miwili watu wa mkoa wetu, kuanzia hapa Makambako hadi Iwawa na Ludewa, wamekimeza pamoja na dawa zao za kawaida. Nusu walipewa kidonge chenye dawa na nusu kidonge kitupu, vyote vyeupe, vyote sura moja. Mgonjwa hajui alichopewa, daktari hajui, na mimi majina siyaoni kabisa, naona namba. Sasa utafiti umekwisha na kazi yangu ni kusema kama waliomeza cha kweli presha yao imeshuka kuliko wenzao.

Imeshuka, Shangazi! Imeshuka vizuri, nikaruka kwenye kiti kama mtoto. Halafu Daktari Romanus, mkuu wetu, akaniagiza nizigawe namba kwa vikundi: wanawake na wanaume, vijana na wazee, kijiji kwa kijiji. Vikundi vyote vikakubaliana isipokuwa kimoja, cha wazee wa kijiji kimoja cha mlimani ambacho hata mimi nakijua kwa namba tu. Kwao kidonge cha kweli na kitupu ni sawasawa. Daktari anataka tuandike kwenye ripoti kwamba dawa isipelekwe kwa wazee wa ukanda huo. Mimi moyo unakataa, na moyo si hoja kwenye hesabu, kwa hiyo natafuta hoja.

Haya yabaki kwako. Usiyapeleke jumuiya.

Ni mimi mwanao,
Dainess


Matembwe, 16 Machi 2025

Mwanangu Dainess,

Marahaba. Kamwene. Barua imefika kavu lakini inanuka perege, kwa hiyo Davis ana mfuko mmoja tu na usimlaumu.

Nimeisoma mara ya kwanza kama shangazi na mara ya pili kama mwalimu. Safari hii umeeleza vizuri, guno nimelirudisha. Nina maswali mawili. La kwanza: kidonge kinajuaje kwamba kimefika mlimani? La pili: mkishaandika hivyo, hao wazee watapata nini badala yake?

Huku ukungu haujainuka tangu Jumatatu. Chai inachumwa kwa kupapasa. Hyasinta anakusalimu, yule jirani yangu aliyeanguka shambani mwaka juzi kwa presha tukambeba kwa machela. Siku hizi anapanda mwenyewe hadi kanisani na kuniacha nyuma, kisha ananingojea mlangoni akijifanya anasoma matangazo. Sisi wa jumuiya ya Mtakatifu Monika bado tunakutana kwake kila Alhamisi, na bado anatoa viazi vya kuchemsha na chai yenye maziwa mengi kuliko chai.

Maparachichi yako yanaanza kuzaa. Jibu maswali yangu.

Shangazi yako,
Lukresia Mwl.


Makambako, 30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Maswali yako nimeyabandika ukutani juu ya meza yangu. Judith, mwenzangu wa ofisini, aliyasoma akauliza ni ya profesa gani.

Nianze na la kwanza. Unamkumbuka yule mtoto aliyehamia darasani kwetu kutoka Ludewa katikati ya muhula? Alifanya jaribio moja akapata sifuri, na mwalimu mkuu akataka arudishwe darasa la chini. Ulikataa. Ulisema jaribio moja halitoshi kumjua mtoto. Aliyekuwa na majaribio kumi uliziamini namba zake mwenyewe. Huyu mwenye moja ukamkadiria karibu na wenzake hadi umjue zaidi. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele, nikaliona jambo hilo, na nadhani ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Maana hicho ndicho ninachofanya, ila kwa kompyuta. Inaitwa njia ya Bayes, jina la mchungaji mmoja wa zamani wa Uingereza. Naanza na ninachokiamini kabla sijaona namba, nakiandika waziwazi ili kila mtu akipige mawe akitaka, halafu naziacha namba zinisahihishe. Vikundi naviacha viegemeane. Kikubwa kama cha Makambako kinasimama chenyewe. Kidogo kinaegemea wenzake, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo kinavyoegemea zaidi. Wazee wale wa mlimani hawafiki ishirini. Nikiwatazama peke yao, dawa ni bure kabisa. Nikiwatazama wakiwa na ndugu zao wa mkoa mzima, jibu linasogea: kuna uwezekano wa kama asilimia themanini kwamba dawa inawasaidia na wao. Nimejaribu kuanza na imani ya mtu mbishi, anayedhani kila kijiji ni dunia yake. Hata hapo uwezekano umebaki juu ya nusu.

Daktari Romanus hataki kusikia. Usimwone mbaya, anachoogopa ni kumpa mzee dawa isiyomsaidia na ikamsumbua figo bure. Anasema nawaazima wazee wale afya ya watu wengine. "Na kama kweli wako tofauti?" ananiuliza, na hapo ananibana, kwa sababu inawezekana. Njia yangu inaniambia kikundi kimekaa mbali na wenzake kiasi gani. Kwa nini kimekaa mbali, haijui.

Na kuna kitu kinaninyima raha. Katika kikundi hicho, hata waliopewa kidonge kitupu presha yao imeshuka. Si sana, lakini wameshuka kiasi kilekile, wenye dawa na wasio na dawa. Hakuna kijiji kingine kilichofanya hivyo. Nimezirudia namba mpaka Judith ameniambia nitazichubua.

Swali lako la pili nalijibu kwa aibu: hawatapata kitu. Watabaki na dawa zao za zamani.

Dainess


Matembwe, 8 Aprili 2025

Mwanangu,

Barua yako ya mwisho nimeisoma nikaiweka chini, nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikarudi nikaisoma tena. Huyo mchungaji wako namkubali ingawa si wa kanisa letu.

Nina swali la kimwalimu tu, usilitafutie makuu. Mtu akiwa na habari inayohusu mtihani, habari ambayo msahihishaji haijui, aiseme kabla ya kusahihisha au asubiri baada? Nijibu bila kuzunguka.

Mtoto wa Ludewa namkumbuka. Sasa ni fundi wa magari Njombe na bado hajui kugawanya.

Mwaka huu baridi imewahi. Hyasinta amenifumia soksi.

Lukresia


Makambako, 15 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Unanitega, na mtego wenyewe nauona. Unataka kujua kama nimeanza kusikiliza umbea ili nishinde ubishi. La, sijaanza. Tangu watu wajue ninachofanya, kila ninayekutana naye sokoni ana bibi aliyepona au babu aliyezidiwa. Nawaambia wote wanyamaze. Habari ya mtu mmoja ikinifikia kabla ya kikao, mkono unapinda hata kama sitaki, na Daktari Romanus atakuwa na haki ya kusema nimetafuta jibu nililolitaka. Kwa hiyo, bila kuzunguka: asubiri. Kikao kipite kwanza.

Kikao ni tarehe sita Mei, Njombe mjini. Wakikubali ile sentensi ya Daktari Romanus kwenye ripoti, dawa zitakapoanza kugawiwa magari yataishia barabara ya lami na kule juu hayatapanda. Nami nimeambiwa kwa upole kwamba nikiendelea kushikilia njia yangu nitasimama peke yangu, na kwamba mkataba wangu unaisha Juni. Imesemwa kama habari mbili tofauti, lakini kwenye kikao kimoja cha chai.

Naogopa, Shangazi. Siogopi kukosa kazi peke yake. Naogopa kwamba labda yeye ndiye mwenye haki, na mimi nawang'ang'ania watu nisiowajua kwa sababu tu walitengwa. Uniombee.

Dainess


Makambako, 8 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimerudi jana jioni na sauti imekauka.

Walikuwa wakubwa saba na mimi. Nilivaa kile kitenge chako cha bluu chini ya koti, sehemu isiyoonekana. Daktari Romanus alieleza vizuri, kwa haki, hata upande wangu akaueleza. Kisha nikasimama. Nilikuwa nimeandaa michoro mingi, nikaisahau yote, nikawaeleza habari ya mtoto wa Ludewa na sifuri yake. Mzee mmoja kutoka Dar es Salaam akavua miwani. Nikawaonyesha kwamba ukigawa watu vipandevipande vya kutosha, lazima upate kipande kimoja kitakachoonekana cha ajabu, hata kama dawa ni ileile na watu ni walewale. Nikawaonyesha imani zangu tatu za mwanzo, ya mlaini, ya wastani na ya mbishi, na kila moja ilipofikia. Wakaniuliza kama nina hakika. Nikasema sina, na kwamba nisiyekuwa na hakika siwezi kumfungia mtu mlango.

Nimeshinda nusu. Sentensi haijaandikwa, lakini haijafutwa. Wametupa hadi mwisho wa mwezi tueleze kwa nini kikundi kile hakina tofauti kati ya wenye dawa na wasio nayo. Tusipoeleza, inaandikwa. Na mimi sina hata pa kuanzia, maana jibu haliko kwenye namba. Nimeshazikamua zote.

Tukiwa nje Daktari Romanus alinipa mkono. Akasema, "Umesimama vizuri. Bado nadhani umekosea."

Dainess


Matembwe, 13 Mei 2025

Mwanangu Dainess,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama, kaa.

Hicho kijiji unachokijua kwa namba ni hiki chetu, na mimi ni mmoja wa hao wazee. Nina presha tangu mwaka aliozikwa baba yako. Sikukuambia kwa sababu ungeacha shule ukaja kunipikia uji, nami uji siupendi. Nilipokuambia naenda kliniki kwa ajili ya macho, nilikuwa naenda kwa ajili ya kidonge chako.

Sasa sikiliza ya bakuli.

Siku ya kwanza muuguzi alitueleza bila kutuficha: nusu yenu mtapata dawa, nusu mtapata kidonge kitupu, na hakuna ajuaye nani ni nani. Tulielewa, tukasaini. Alhamisi yake tukawa kwa Hyasinta. Baada ya rozari Anselmi akasimama. Unamjua, akisimama viazi vinapoa. Akasema, "Sisi hapa tunalima kwa mgowe. Leo wote shambani kwa huyu, kesho wote kwa yule, hakuna anayebaki na shamba lake porini. Sasa itakuwaje mmoja ameze dawa na mwenzake ameze chokaa, halafu tushikane mikono tuseme Baba Yetu?" Hyasinta akaingia jikoni akatoka na bakuli lake la maharage, limeoshwa. "Leteni," akasema. Tukamimina wote vidonge vya makopo yetu. Akakoroga kwa mkono, akatugawia kwa kijiko cha sukari, kila mtu idadi ileile aliyokuja nayo.

Tangu siku hiyo tukitoka kliniki tunapitia kwa Hyasinta. Wenzetu wa jumuiya ya pili waliokuwa kwenye utafiti waliposikia, wakaja na vyao. Hakubaki nje hata mmoja. Muuguzi kila mara alihesabu vidonge vilivyobaki, hesabu ikatimia, akatusifu kwamba hakuna kijiji chenye wagonjwa watiifu kama sisi.

Najua utauliza. Ndiyo, karatasi ilisema usimpe mtu mwingine dawa yako. Sisi tulielewa kwamba mtu mwingine ni yule aliye nje ya utafiti. Tulikuwa wakali sana kwa hilo. Mume wa mwenzetu Fidelia aliomba vidonge viwili tukamfukuza. Lakini sisi kwa sisi hatukuwa watu wengine.

Ulipoandika kwamba kwenye kikundi kile wote wameshuka kiasi kilekile, nililiona bakuli mbele yangu kama liko mezani. Ndipo nilipokuuliza lile swali. Ukanijibu asubiri, kikao kipite kwanza. Nikasubiri. Sijawahi kusubiri kitu kwa taabu namna hiyo. Alhamisi zote hizo nilikula viazi vya Hyasinta nikijua kwamba huenda anafungiwa dawa kwa sababu ya ukarimu wake mwenyewe, na mdomo nimeufunga kwa sababu msahihishaji kaniambia niufunge.

Kikao kimepita. Sasa nasema, na watu wote wa bakuli wamekubali niseme. Anselmi anataka aandikwe jina.

Jambo moja zaidi, halafu nakuacha. Ulisimama mbele ya wakubwa saba ukawatetea watu usiowajua, bila kulijua bakuli, na huku ukiogopa kwamba umekosea. Barua ile nilimsomea Hyasinta. Nilipofika pale pa kitenge cha bluu nilishindwa kuendelea, na unajua mimi silii ovyo. Nimefundisha watoto wengi, Dainess. Najivunia wewe kuliko ninavyoweza kuandika kwenye karatasi hii yenye mistari.

Shangazi yako,
Lukresia


Makambako, 19 Mei 2025

Shangazi,

Nimecheka mpaka Judith akafunga dirisha. Halafu nikalia. Halafu nikakasirika kwa habari ya presha, na hasira hiyo nimeihifadhi, tutaonana nayo nikija.

Mlituharibia utafiti, mnajua? Wangekuwa wengine ningewagombeza. Lakini kila nikijaribu kukasirika nauona mkono wa Hyasinta ukikoroga, nashindwa. Sisi tuliweka ukuta katikati yenu kwa hesabu na karatasi, na ninyi mkauondoa kwa bakuli, bila ugomvi, mkala na viazi.

Barua yako niliipeleka kwa Daktari Romanus saa ileile. Sheria yetu ni moja: mwenye ndugu ndani ya utafiti hagusi hesabu. Nimeziacha. Judith ndiye anayeendelea. Niliona uchungu kuiachia kazi niliyoilea miaka miwili, lakini nilipoitoa mikononi nikajisikia mwepesi, kwa sababu nilichokisema Njombe nilikisema kabla ya kujua.

Daktari alisoma barua yako akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akauliza, "Lina ukubwa gani hilo bakuli?" Nadhani mtamwona huko karibuni. Msimpe pombe ya ulanzi kabla hajala.

Na uende ukapimwe. Naomba.

Dainess


Makambako, 29 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sentensi imefutwa. Nimeiona kwa macho yangu, imepigwa mstari mwekundu, na waliotia sahihi ni wote saba.

Judith alinieleza baadaye, niliporuhusiwa kusikia. Kwa kuwa mlichanganya, kwenu hakukuwa tena na wenye dawa na wasio nayo; nyote mlikuwa watu wa nusu dawa. Basi kikundi chenu hakiwezi kusema lolote kuhusu kidonge, kizuri wala kibaya. Na kikundi kisichosema lolote kinaegemea wenzake kwa uzito wake wote. Ukiwaegemeza hivyo, uwezekano kwamba dawa inawafaa unapita ule niliousema mimi Njombe. Magari yatapanda mlimani.

Daktari Romanus amerudi kutoka kwenu akiwa mtu mwingine, ingawa yeye anakana. Anasema alikwenda kuwaonya na akaondoka na gunia la viazi. Anasema ulimkalisha kwenye kigoda ukamhoji kama mwanafunzi. Ndiye aliyeandika kwamba mkataba wangu uongezwe, na kwenye pendekezo lake ameandika hivi: "Alikuwa na haki, na hakuhitaji bakuli ili awe nayo." Nimelisoma mara nyingi. Si kweli kabisa, maana bila bakuli ningekuwa bado nabishana, lakini nitalitunza.

Sasa jambo la mwisho. Siri ya vidonge imefunguliwa. Kila aliyeshiriki ataletewa bahasha yenye jina lake, ndani imeandikwa kama kopo alilopewa lilikuwa na dawa au tupu. Yako sijaiona na sitaomba kuiona. Nataka kujua, naogopa kujua. Kwa miaka miwili nilikuwa nakutazama kwenye namba zangu bila kukutambua, na usiku nafikiria kwamba siku moja ningeweza kukufuta kwa kidole kimoja. Ukifungua, niandikie kama utapenda. Usipopenda, niandikie habari za maparachichi.

Dainess


Matembwe, 6 Julai 2025

Mwanangu Dainess,

Marahaba. Asubuhi ya leo barafu ilikuwa juu ya majani, nyeupe mpaka mtoni. Maparachichi yamepona.

Daktari wako amekudanganya kidogo. Kigoda alikichagua mwenyewe, na maswali nilimuuliza matano tu. Alikuja na uso wa kugombeza watu, akasimama katikati ya sebule ya Hyasinta akaanza, "Ndugu zangu, mnaelewa mlichofanya?" Anselmi akamjibu, "Ndiyo daktari, tuligawana." Daktari akavuta kigoda akakaa. Akaomba aonyeshwe bakuli. Alilishika kwa mikono miwili muda mrefu, kisha akasema amekuwa daktari miaka mingi na hakuwahi kufikiria kumwuliza mgonjwa anakaa na nani anapomeza dawa. Nilimpenda kuanzia hapo. Ni mtu anayekubali kusahihishwa, na wa namna hiyo ni wachache kwenye kiti kile. Viazi alipewa na Hyasinta.

Sasa kila mtu ana kopo lake na kila kopo ni dawa. Hyasinta amelirudishia bakuli maharage yake.

Bahasha zililetwa Alhamisi, tukakubaliana tuzifungue pamoja baada ya rozari. Anselmi alianza, maana hawezi kungoja. Tupu. Miaka miwili na hotuba yote ile, kopo lake lilikuwa chokaa! Tulicheka hadi akacheka na yeye. Hyasinta akafungua yake. Tupu. Akaikunja vizuri akaiweka kwenye khanga.

Mimi nikafungua yangu. Ilikuwa dawa, Dainess. Kuanzia kopo la kwanza hadi la mwisho, vyote vya kweli, bila hata kimoja cha uongo.

Hyasinta akaniangalia. Akasema, "Kumbe kupanda kote kule kanisani nilikuwa napandia vidonge vyako." Akaja akanishika mikono yote miwili mbele za watu, akalia.

Sasa wananisifu kila nipitapo. Fidelia amenipikia maandazi. Padre alitaka kulisema Jumapili, nimemkataza kwa ukali. Na wewe najua ukisoma hapa utaanza kunisifu kwa kurasa tatu, kwa hiyo nikuwahi, maana wewe ni mtu wa kupima na nataka unipime sawasawa. Walisema Anselmi ni mkarimu kwa hotuba, Hyasinta kwa bakuli, mimi kwa dawa. Lakini nilipomimina sikujua namimina nini. Nilidhani huenda langu ndilo tupu, na kwamba nikichanganya nitapata hata kidogo. Ndivyo nilivyowaza, na nadhani ndivyo alivyowaza kila mtu pale sebuleni. Bahasha ile imekaa chini ya mto wangu tangu Alhamisi, na kila nikiigusa najiuliza swali moja tu. Kama muuguzi angeninong'oneza siku ya kwanza kwamba langu ndilo la kweli na la Hyasinta ni chokaa, ningelimimina? Nimejitazama vizuri, mwanangu, kama ninavyomtazama mtoto anayesema kazi ya nyumbani ameisahau. Sidhani.

Kwa hiyo waambie wenzako waliotuficha kwamba nawashukuru. Hyasinta yuko hai kwa sababu sikujua.

Shangazi yako,
Lukresia